Mtoto Ataka Kuwa Daktari wa Meno: Aanzie Chuo Gani?

(Hotuba ya kamati ndogo ya elimu ya jamii ya watu wa Chovai na visiwa vya Bajuni, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, Kakuma)



Tumepewa nusu saa, na twajua kwamba baada yetu kuna kirumbizi na chakula. Kwa hiyo hatutazunguka. Tangu mwaka uanze wazazi kadhaa wameifikia kamati na swali moja. Mtoto wangu ataka kusomea meno, aingie chuo gani kwanza? Tumeona ni bora tulijibu mbele ya watu wote kuliko kulijibu mlangoni kwa kila mmoja, maana jibu lake lina mtego ndani, na mtego huo umeshawanasa watoto.

Kwanza tuseme kwa nini swali lenyewe latufurahisha. Sisi wa Chovai, pamoja na jirani zetu wa Koyama, Ngumi na Chula, tumezoea kuulizwa juu ya kasa, kamba na mashua. Kisiwani jino likiuma lilitiwa karafuu. Likizidi, mtu alingoja upepo apelekwe Kismayu, na kama upepo ulikataa, alijifunga kitambaa kichwani akakesha. Meno yetu hata hivyo hayakuwa mabaya sana, kwa kuwa tulikula samaki na tukapiga mswaki wa mti kila swala. Mswaki si jambo la dini peke yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri utumike tangu miaka ya 1980 pale ambapo ndio desturi ya watu.

Kisha ikaja mwaka 1991. Serikali ya Mogadishu ikaanguka, tukavuka kwa madau na majahazi mpaka Lamu na Mombasa. Wengi wetu tulikaa Jomvu, na kambi za pwani zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wengine wakarudi visiwani na wengine tukaletwa huku bara. Huku tumekuta chai yenye sukari nyingi kuliko majani, biskuti za watoto, na maji ya visima. Vipimo vya maji ya baadhi ya visima vya Kakuma vimewahi kuonyesha floridi iliyopita miligramu 1.5 kwa lita, nacho ndicho kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa maji ya namna hiyo wakati meno yake bado yanajengwa ndani ya ufizi, huota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia. Akina mama, hayo si uchafu. Msimsugue mtoto kwa mkaa mkamchubua fizi, na mwenzake asimcheke. Basi watoto wetu wanaposema wataka kusomea meno, hawakuyaona hayo kwenye picha. Wameyaona kwenye kioo.

Sasa mtego. Simu yapigwa kutoka Columbus au Minneapolis. Mjomba asema, "Mwambie asome kwanza digrii ya baiolojia miaka minne, halafu ndipo aombe skuli ya meno. Hapa kwetu ndivyo ilivyo." Mjomba hasemi uongo. Huko aliko ndivyo ilivyo. Lakini mtoto hayuko Columbus, yuko hapa. Anakwenda kutafuta digrii ya baiolojia katika chuo cha hapa, jamaa wachangishana karo, miaka minne yapita, kijana atoka na shahada mkononi, aenda kugonga mlango wa udaktari wa meno, naye aambiwa mlango huu huingiwa kwa cheti cha sekondari. Aanze upya, miaka mingine mitano au sita, na ule mchango umekwisha. Baiolojia ni elimu nzuri, na mwenye kuipenda kwa ajili yake mwenyewe aisome. Ila katika nchi hizi zetu si ngazi ya kupandia kwenye udaktari wa meno.

Tulieleze hili taratibu, maana ndilo kiini. Dunia ina mitindo miwili. Mtindo wa kwanza ni wa Kenya, Tanzania, Uganda, Uingereza, Uturuki na nchi nyingi nyinginezo. Mwanafunzi akimaliza sekondari huingia moja kwa moja katika chuo kikuu kinachofundisha meno, akakaa humo mpaka atoke daktari. Hakuna chuo cha kwanza. Mtindo wa pili ni wa Marekani na sehemu kubwa ya Kanada. Huko mtu husoma chuo cha kawaida, kisha hufanya mtihani, ndipo huomba skuli ya meno ya miaka minne. Anayeuliza "aanzie chuo gani" hana budi kwanza kujibu: mtoto atasomea wapi? Na kwa walio wengi humu ndani leo jibu ni hapa, si huko. Safari za wakimbizi kwenda Marekani zilisimamishwa Januari 2025, na waliofunguliwa njia baada ya hapo ni wachache mno. Kumwekea mtoto mpango wote juu ya safari ambayo haina tarehe si jambo la busara.

Kwa hiyo tuanze na Kenya.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret nacho kina skuli yake. Mwanafunzi akimaliza hufanya mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi hospitalini, kisha husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, lile linaloitwa KMPDC. Baraza hilo ndilo lenye orodha ya vyuo linavyovitambua. Twaomba hili lishikwe sana: kabla ya kulipa hata shilingi moja kwa chuo chochote, cha Kenya au cha ng'ambo, ulizeni kama kimo katika orodha ya baraza la nchi ambayo mtoto ataka kufanya kazi. Chuo chaweza kuwa na jengo la ghorofa na matangazo redioni na kisiwemo. Na aliyesomea nje ya Kenya akarudi huku, baraza laweza kumtaka afanye mtihani wake kabla ya kumkubali.

Sasa tuwageukie vijana. Katika mtindo huu chuo hakichaguliwi siku ya kujaza fomu. Chachaguliwa mapema kuliko mnavyodhani. Kwa walio katika mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE umepangwa kuwa wa mwaka 2027, siku yenyewe ilikuwa mwisho wa kidato cha pili, pale mlipoambiwa mpunguze masomo. Udaktari wa meno huangalia Baiolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na Kiingereza au Kiswahili. Aliyeiacha Fizikia bado anaweza kusimama na Hisabati. Aliyeiacha Kemia amefunga mlango, na huenda aliufunga akiwa na miaka 15, kwa sababu mwalimu wa Kemia alikuwa mkali au maabara haikuwa na kitu. Hakuna aliyemwambia siku ile kwamba alikuwa anachagua chuo.

Kwa wadogo zao walio katika mtaala mpya jambo ni lilelile kwa jina jingine. Kundi la kwanza liliingia gredi ya 10 Januari 2026, na huko kuna njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mtoto anayetaka meno hana budi kuwa katika njia ya sayansi, na si kila skuli ya sekondari ina njia zote tatu. Wazazi wa gredi ya 9, nyinyi ndio tunaowahitaji zaidi leo kuliko hawa wakubwa. Mwulizeni mwalimu mkuu swali moja la waziwazi: je, skuli tunayompeleka inafundisha Baiolojia na Kemia, na ina maabara ambamo mtoto anashika vitu kwa mkono wake? Mtihani wa sayansi una sehemu ya vitendo, na haiwezekani kuipita kwa kusoma daftari la jirani.

Kuna faraja moja ambayo twapenda kuitaja. Pale panaposemwa Kiingereza au Kiswahili, mtoto wa Kibajuni ana bahati yake. Lugha ya nyumbani kwake ni ndugu wa damu wa hicho Kiswahili cha mtihani. Lakini ndugu si mtu yuleyule. Mtoto anayedhani atapita kwa kuwa bibi yake anazungumza, huja na alama ya C na mshangao. Sarufi ya Kiswahili sanifu isomwe kama somo.

Na alama? C+ ndiyo kizingiti cha kuingia chuo kikuu chochote cha Kenya, lakini kizingiti si kiti. Viti vya meno ni vichache, na wanaovipata kwa kulipiwa na serikali ni wale wa A na A-. Hata hivyo viti hivyo vya serikali ni vya raia. Mkimbizi huingia kama mwanafunzi wa kujilipia, na karo yake ni mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, kwa miaka yote ya masomo. Hatusemi hivi kuwavunja moyo. Twasema ili mtu asiingie mwaka wa kwanza kwa mchango wa harusi, akafukuzwa mwaka wa tatu.

Basi fedha zatoka wapi? Udhamini wa DAFI, unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR, umekuwapo tangu 1992, na umesomesha wakimbizi wengi katika nchi hii. Lakini udhamini mwingi wa namna hii umekatwa kwa kipimo cha shahada ya kawaida ya miaka minne. Meno ni marefu zaidi na ni ghali zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza afisa wa udhamini lisiwe "nitapata lini?" bali "je, mnalipa kozi hii, na mnailipa mpaka mwisho?" Jibu likiwa hapana, ni heri lijulikane Januari kuliko Septemba. Wageni wetu wa mashirika mliopo hapa, hili ni ombi letu kwenu pia: andikeni kwenye tangazo lenyewe, kwa Kiswahili, kozi zipi hazilipiwi. Mnaandika zinazolipiwa tu, na mtoto hutumia mwezi mzima kujaza fomu ya kitu kisichokuwapo.

Njia ya pili ni Uturuki. Udhamini wa serikali yake uitwao Türkiye Bursları umewachukua vijana wengi wa Kisomali, na hulipa karo, malazi, posho na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki kabla ya kozi. Kuomba ni bure kabisa, na fomu hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe hajafika miaka 21. Kwa kozi nyingine hutakiwa wastani wa asilimia 70, lakini kwa udaktari, udaktari wa meno na ufamasia hutakiwa asilimia 90. Anayewadai shilingi elfu kumi ili "awapeleke Uturuki" anawaibia. Jambo la pili ni hati ya kusafiria. Mkimbizi huitaji ile hati ya kusafiria ya wakimbizi, na haitoki kwa wiki moja. Ombeni kabla udhamini haujatoka.

Khartoum nayo ilikuwa njia ya wengi kutoka Somalia, kwa kuwa karo yake ilikuwa ya kustahimilika na mazingira ni ya Kiislamu. Vita vilivyoanza Aprili 2023 viliwatawanya wanafunzi wake katikati ya masomo. Twaitaja kwa sababu bado wapo wazee wanaoishauri kwa mazoea.

Uganda wana Makerere, na Tanzania wana Muhimbili, na zote mbili ni skuli zenye heshima. Ila nchi hizo zina kidato cha tano na cha sita, na mwenye KCSE peke yake huweza kutakiwa aongeze cheti kingine kabla ya kuingia. Mzazi mwenye jamaa Kampala au Dar es Salaam aanze kwa kuuliza hilo kabla ya kuuliza nauli.

Tusipite bila kuwasemea wale wenye alama za C. Katika mikutano yetu watoto hao husahaulika kana kwamba hawakusoma, na hilo latuudhi. Chuo cha mafunzo ya udaktari cha serikali, KMTC, kina stashahada ya miaka mitatu ya afya ya kinywa na meno ya jamii. Anayehitimu husajiliwa na lile baraza tulilolitaja. Hufundisha skulini, hupima, husafisha meno, hung'oa na kuziba meno yasiyo na matata makubwa. Kuna na kozi ya mafundi wa meno ya bandia. Tuseme kweli yetu: kambi hii, na kisiwa kama Chovai, vinamhitaji afisa wa namna hiyo kabla ya kumhitaji daktari mwenye shahada. Jino nyingi zinazowakesha watu usiku zingeweza kutibiwa naye. Kwa kuingia hutakiwa wastani wa C pamoja na alama zake katika Baiolojia na sayansi nyingine. Lakini asidanganywe mtu kwamba stashahada hiyo ni mlango wa nyuma wa kuingilia udaktari. Ni kazi kamili yenye heshima yake, na aingiaye aingie kwa nia hiyo.

Vyuo vikuu vilivyoleta masomo kambini, kwa ana au kwa kompyuta, navyo twavishukuru. Vimetutolea walimu na wafanyakazi wa jamii. Lakini meno hayafundishwi kwa kompyuta. Mtu hujifunza kwa kukaa miaka kwenye kiti cha meno na mgonjwa halisi mdomo wazi. Anayejiandikisha humo ajiandikishe kwa ajili ya kile kinachofundishwa humo.

Sasa twageukia wale waliokwisha kuvuka, na wale wachache wenye kesi zilizo hai. Gazeti hili hupelekwa kwao na jamaa, kwa hiyo twajua watalisoma. Kwao swali la chuo cha kwanza ni swali la kweli.

Marekani skuli ya meno haidai digrii ya jina fulani. Mtu aweza kusoma historia na akaingia, mradi amepita Baiolojia, Kemia ya jumla, Kemia ogani, Fizikia, na mara nyingi baiokemia, pamoja na maabara zake. Hufanya pia mtihani uitwao DAT. Skuli huangalia alama za hayo masomo, mtihani huo, barua za walimu wanaomjua mwombaji, na saa alizokaa katika kliniki akimtazama daktari wa meno akifanya kazi. Jina la chuo lipo katika hesabu, lakini li nyuma ya hayo yote. Kwa maoni yetu, basi, chuo cha kwanza kizuri ni kile ambacho mtoto anaweza kupata A katika Kemia ogani huku akilala saa za kutosha. Chuo chenye sifa kilicho mbali, ambacho analazimika kufanya kazi ya usiku ghalani ili akilipie, kitampa C na deni.

Deni lenyewe tulitaje kwa tarakimu. Wahitimu wa skuli za meno Marekani waliokopa humaliza wakiwa na deni la karibu dola 300,000 kwa wastani. Na kwa wanaoanza kuanzia Julai 2026, mkopo wa serikali kuu kwa masomo ya taaluma kama hii umewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Kinachozidi hapo hutafutwa kwingine, na kwa Mwislamu anayejihadhari na riba hesabu hii ni nzito maradufu. Kwa hiyo kila dola isiyokopwa katika miaka minne ya kwanza ina thamani kubwa. Kukaa nyumbani kwa mama na kusoma chuo cha jimbo si aibu. Tena skuli za meno za serikali za majimbo huwapa kipaumbele wakazi wa jimbo, na Columbus iko Chuo Kikuu cha Ohio State chenye skuli ya meno, na Minneapolis iko Chuo Kikuu cha Minnesota chenye skuli ya meno pekee ya jimbo lile. Jamaa zetu wa miji hiyo wanapita mbele ya milango hiyo kila siku kwa basi.

Wengi huanza katika vyuo vidogo vya miaka miwili kwa sababu ni rahisi. Yafaa, lakini kwa tahadhari moja. Skuli nyingi za meno huweka mpaka juu ya masomo ya sayansi yaliyochukuliwa huko. Mwanafunzi asome huko Kiingereza, Hisabati na masomo ya jumla, na Kemia ogani aiache mpaka ahamie chuo cha miaka minne, isipokuwa skuli anayoitaka imemwandikia kwamba itaikubali. Tena kabla ya kujiandikisha aulize kama chuo kina mshauri wa wanafunzi wanaokwenda kwenye tiba na meno. Mzazi aliyekulia Chovai hawezi kuijua mizunguko hiyo, wala hapaswi kuona haya kwa kutoijua.

Kanada kuna skuli 10 tu za meno nchi nzima, na ushindani wake ni mkubwa. Vijana wetu huenda huko kwa mpango wa wanafunzi wakimbizi wa WUSC, ulioanza 1978. Mpango huo humpeleka mtu kama mkazi wa kudumu, na huo ndio utajiri wake. Lakini mwombaji hupangiwa chuo, hachagui kama sokoni, na udhamini wake ni wa mwaka wa kwanza. Aliyepangiwa mji usio na skuli ya meno asilie. Asome sayansi pale alipo, apate alama, kisha aombe kwingine. Quebec wana mtindo wao, ambao mtu hutoka kwenye vyuo vyao vya kati akaingia skuli ya meno bila digrii, lakini huko kunataka Kifaransa cha kutosha, isipokuwa McGill.

Uingereza ni kama kwetu: miaka mitano moja kwa moja. Mtoto aliyepata hadhi ya ukimbizi huko hulipa karo ya wenyeji. Katika fomu ya vyuo ana nafasi tano, na nne tu ndizo anazoweza kuziombea meno. Jamaa zetu wa Glasgow wana skuli ya meno mjini mwao. Wanaowapigia simu wa Kakuma kuwashauri wangewaangalia kwanza watoto wao wa miaka 14 wamechagua masomo gani.

La mwisho ni jina, na hili twalijua sisi kuliko mtu mwingine. Mbajuni huitwa Athumani nyumbani, karani wa kwanza akaandika Osman, wa pili akaandika Usman. Shee hugeuzwa Sheikh, na Bwana hudhaniwa kuwa cheo wakalifuta. Mtoto anakuja na cheti cha mtihani chenye jina moja, kitambulisho cha mkimbizi chenye jina jingine, na karatasi ya familia yenye la tatu. Chuo hakimjui yupi ni yupi. Udhamini umewahi kupotea kwa herufi moja. Jina husahihishwa kwa urahisi kabla mtoto hajaandikishwa kwa mtihani wa taifa. Baada ya cheti kutoka ni kazi ya miezi na nauli za Nairobi, na nauli za Nairobi zahitaji pasi ya kusafiria. Wazazi wa watoto watakaoandikishwa mtihani mwaka huu, twawaomba mkaangalie jina kwa macho yenu. Asiyejua kusoma aje na jirani anayejua.

Kamati ndogo ya elimu itaketi Alhamisi mbili zijazo baada ya swala ya Alasiri, kwenye kivuli cha ofisi ya kamati. Njooni na matokeo ya muhula uliopita, kitambulisho na karatasi ya familia. Wa gredi ya 9 na wa kidato cha nne watatangulia. Dada mmoja anayefanya kazi ya posho katika kliniki atakuwapo kuwaeleza wasichana jinsi ya kuomba ruhusa ya kutazama kazi ya meno, na kwa wale wadogo ataleta miswaki ya mti, kama ile shehena iliyoahidiwa itakuwa imefika.

Wabillahi tawfiq. Tunamrudishia Mwenyekiti kipaza sauti.